Kochi la mama la inchi 20: kisa cha siku 41 na oda iliyopotea njiani

Nianze na kipimo maana kisa chote kinakaa hapo. Mama yangu ana miaka 68, magoti yamechoka yote mawili, la kulia ndo baya zaidi. Akikaa kwenye haya makochi ya kisasa yaliyolala chini hawezi kunyanyuka mwenyewe, lazima ashikwe mkono, na huyu ni mama ambae maisha yake yote amelima na kubeba ndoo kichwani kwenye milima ya Lushoto, kwa hiyo kumwona anasubiri mtu apite sebuleni ndo aombe kunyanyuliwa aende chooni, inauma jamani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliemwona alituambia kitu rahisi sana, kiti kikiwa chini ya goti lake basi goti ndo linabeba kazi yote ya kumnyanyua, kwa hiyo mtafutieni kiti kirefu, kigumu, chenye mikono inayofika mbele ili asukumie hapo. Tukampima akiwa kavaa ndala, kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, tukapata inchi 16 na nusu. Mtaalamu akasema kiti kiwe inchi 19 hivi mtu akiwa ameshakaa. Mimi nikaweka 20 nikijua sponji itazama kidogo.

Sasa mama alikuwa anakuja Dar kukaa kwangu Segerea miezi kadhaa kwa ajili ya hayo magoti, na makochi yangu ya zamani yalikuwa yameshabonyea, nikaona ninunue seti mpya moja kwa moja, ya 3-2-1, ila lile la mtu mmoja liwe la mama kwa kipimo chake. Duka nililipata Instagram, lipo upande wa Kinondoni, picha nzuri, wafuasi wengi, wanaandika kabisa kwamba wana kiwanda chao na wanatengeneza kwa saizi unayotaka. Sikuagiza kwa simu tu, nilienda. Nikakaa kwenye sofa za pale, nikamkuta mdada wa mauzo, binti mdogo tu mchangamfu, nikamweleza habari yote ya mama, akanisikitikia kabisa, akasema hiyo kazi ndogo kwa fundi wetu. Nilivofika nyumbani nikamtumia voisi WhatsApp ya sekunde 48 narudia vipimo: la mtu mmoja kimo inchi 20, sponji hevi diuti, kina cha kukalia kisizidi inchi 20, mikono ifike mwisho wa kiti. Akajibu, "Sawa mpendwa nimeelewa 🙏". Nikaipokea ile "nimeelewa" kama mtu anavopokea risiti.

Bei ilikuwa milioni 1 na laki 9, advansi asilimia 70 yani 1,330,000, baki 570,000 siku ya kupokea, muda siku 14, usafiri bure. Advansi yote nililipa kwa lipa namba. Risiti niliyopewa ni ya kuandika kwa mkono kwenye kile kitabu cha dukani, na ilisema hivi tu: sofa seti 3-2-1 rangi kijivu, jumla, advansi, baki. Inchi hamna, tarehe ya kupokea mzigo hamna. Nikauliza risiti ya EFD, yani ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine ina shida ya mtandao, utapewa ukimaliza baki. Hizi mashine zipo tangu 2010, na wimbo wa TRA wa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, kila mtu anaujua, na mimi nilidai kwa mdomo nikaacha. Nalisema mapema kwa sababu baadae kile kikaratasi ndo kiliwapa nguvu ya kunibishia.

Siku ya 14 ikafika. Kimya. Nikaandika asubuhi, jibu likaja jioni, "umeme unasumbua kiwandani mpendwa, mpaka Jumanne". Jumanne ikawa fundi kafiwa, nikatoa pole, na pole ile niliitoa kwa moyo. Siku ya 20 mama akashuka stendi, sebuleni hamna kochi maana ya zamani nilishayatoa kwa jirani nikijua mapya yanakuja. Unajua mama alikuwa anakaa wapi? Viti viwili vya plastiki vimepachikwa kimoja ndani ya kingine ili kipande juu kidogo na kisiyumbe, na mto nyuma. Wiki tatu. Wageni wakija kumpa pole ananiangalia mimi kwanza kabla ya kuwaambia kaeni, kwa sababu wa kukaa watakaa wapi.

Baada ya hapo kitambaa kikawa kimeisha Kariakoo, wiki iliyofuata mvua, kitambaa kikilowa kitaharibika, afu tena umeme. Siku ya 27 nikaenda dukani mwenyewe. Yule mdada alinipokea vizuri tu, akaniletea maji, akapiga simu mbele yangu, "kaka ile kazi ya dada wa Segerea imefikia wapi... haya haya", akakata akaniambia kesho kutwa. Nikaomba kuongea na bosi, bosi yuko safarini. Nikaomba niende kiwandani nikaone, hairuhusiwi mteja kuingia kiwandani. Nikaomba hata picha, ikaja siku ya 34, picha ya fremu za mbao tupu zimeegemea ukuta wa bati, hazina hata sponji. Siku ya 34 kwa kazi ya siku 14!

Hapa nisimame kidogo maana nimelifikiria sana hili. Nilipozipanga zile meseji zote kwa tarehe, niligundua hakuna hata moja iliyonipa habari. Zote zilikuwa na lugha nzuri, mpendwa, samahani sana, tunajali, ila hamna hata moja iliyosema kazi imefika hatua gani, kimebaki nini, nani anasubiri nini. Na kila sababu ilikuwa ni ya kitu ambacho hakuna mtu wa kukiuliza, umeme, msiba, mvua. Ningeambiwa ukweli ile siku ya 14 kwamba kazi haijaanza, kuna vitu ningefanya, ningenunua kiti kimoja kirefu cha mbao pale Buguruni kwa bei ya kawaida mama akakaa, ningesubiri seti hata miezi miwili bila kelele. Kuchelewa navumilia, mafundi nawajua, nimezaliwa nimekuta mafundi wanachelewa. Kinachoumiza ni kuambiwa kesho na mtu ambae hajui kesho kuna nini, wewe unapanga maisha yako juu ya hiyo kesho.

Siku ya 41, Ijumaa, saa 3 usiku, mvua inanyesha, nasikia honi. Kirikuu imekuja na makochi yamefunikwa turubai. Dereva na kijana wake wanasema wameagizwa wasishushe mpaka baki ilipwe, na usafiri elfu 50. Nikasema usafiri ni bure, nikapiga dukani, mdada akapokea akasema bure ni kwa maeneo ya karibu mpendwa, Segerea ni mbali. Hilo halikusemwa popote. Dereva nae ana haki yake, kalowa, anataka arudi, mama yuko mlangoni anasema mwanangu walipe tu watu waondoke mvua hii. Nikalipa 570,000 na ile 50,000, wakashusha haraka haraka wakaondoka. Makochi nimeyaona vizuri wameshafika barabara kubwa.

La mama nikalipima usiku ule ule kwa tepu. Inchi 16, sawa na mengine. Nikakaa, likazama, nikamwambia mwanangu apime nikiwa nimekaa, 13. Kina cha kukalia inchi 24, yani mama akiegemea miguu inaning'inia kama mtoto, asipoegemea hana pa kuweka mgongo. Mikono imekatwa kwa mshazari inaishia katikati, hamna pa kusukumia. Sponji laini ile ya mtelezo. Asubuhi mama akajaribu mara moja, tukamnyanyua watu wawili, akarudi kwenye viti vyake vya plastiki, wala hakusema neno.

Jumamosi nikapiga simu. Jibu la kwanza, "ndo dizaini ilivo dada". Tayari nimeshakuwa dada, sio mpendwa tena. Nikatuma tena ile voisi. Jibu la pili, risiti haijaandika inchi. La tatu, ulipokea mzigo ukalipa, ungekataa pale pale. Nataka niyachukue haya majibu moja moja kwa sababu yanatumika kwa watu wengi sana na watu wanarudi nyuma wakidhani kweli hawana haki.

La risiti. Makubaliano ya kununua kitu hayaishi kwenye kikaratasi. Nilisema kwa mdomo dukani, nikarudia kwa voisi, wakajibu wameelewa, hayo yote ni sehemu ya makubaliano, na tangu 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ambayo inakubali meseji za namna hii kama ushahidi, kwa hiyo WhatsApp sio maneno ya hewani, usifute. Alafu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ni sheria ya zamani ila ina mambo mawili yanayonihusu kabisa. Kitu ulichouziwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo. Na kama ulimweleza muuzaji unakitaka kwa kazi gani hasa, ukategemea ujuzi wake, na yeye ndo biashara yake, basi kitu kiifae hiyo kazi. Mimi sikuagiza kochi zuri, niliagiza kochi ambalo mgonjwa wa magoti atanyanyuka mwenyewe, na nilisema hivo. Kochi lile kwa mtu mwingine halina kasoro, kwa oda yangu halifai.

La kulipa na kupokea, hapa wana kahoja kidogo na sitaki kudanganya. Sheria inakupa muda wa kutosha wa kukagua, kulipa getini usiku hakujafuta haki yangu, ila ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema unahesabiwa umekikubali. Ndo maana nilisema kesho yake asubuhi, kwa maandishi, na picha za tepu zikiwa zimesimama kwenye kochi. Ningekaa nalo mwezi nikinung'unika na majirani tu, hapo ningekuwa nimejifunga mwenyewe. Na pale getini, kama mwili ungekuwa na nguvu na mvua isingekuwepo, kitu sahihi kilikuwa kushusha kwanza lile la mama peke yake, kulipima, ndo pesa itoke. Ile baki ya 570,000 ndo ilikuwa fimbo yangu ya mwisho na niliiachia gizani.

Jumatatu nikampigia yule dereva wa kirikuu, namba yake ninayo maana ile elfu 50 nilimrushia yeye. Nikamuuliza tu kwa upole kiwanda chao kipo wapi nipeleke kochi. Akashangaa, "kiwanda gani, mimi nimebeba Keko". Nikaomba ruhusa kazini, nikashuka Chang'ombe, nikachukua boda mpaka Keko. Wanaoijua Keko wanajua, fenicha tupu kila kona, randa zinalia, vumbi la mbao, vanishi inakaba koo, vitanda viko nje vimesimama wima kama vinasubiri daladala. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja, mtu mzima kidogo, yuko na vijana wake watatu chini ya bati. Lile bati nililijua, ndo la kwenye picha ya siku ya 34.

Nilikwenda na hasira zangu zote. Nikamwonyesha picha ya kochi, akalitambua, nikamuuliza kaka kwanini hukufuata kipimo. Akaniuliza kipimo kipi dada. Akatoa simu akanionyesha meseji alizotumiwa na duka, zilikuwa mbili tu. Moja ni picha ya sofa ya Instagram, ile ile ya tangazo. Ya pili, "3-2-1 kijivu, haraka boss". Basi. Nikamsikilizisha ile voisi yangu ya sekunde 48, akaisikiliza mpaka mwisho, akairudia, akakaa kimya, akasema ningepewa hii ningetengeneza, ni kubadilisha fremu tu tangu mwanzo, haiongezi hata gharama ya maana. Nilitaka kulia, sio kwa hasira, kwa vile kumbe ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Tukaongea zaidi, akanieleza kuhusu pesa. Kazi yangu alipewa kwa laki 9 na nusu yote, vifaa na ufundi. Ya kuanzia alitumiwa laki 3 na nusu, akanunua mbao za mpaina, plaiwudi, misumari, akagonga fremu ndani ya siku tano. Afu zikakaa. Sponji na kitambaa anahitaji pesa mkononi, Kariakoo hawakopeshi, na duka likawa kimya kwake kama lilivokuwa kimya kwangu. Pesa iliyofuata ilimfikia karibu mwezi baada ya oda, na hiyo nilipolinganisha tarehe nikaona inaendana na ile picha ya fremu tupu. Alivosema yeye, maduka mengi ya namna hii advansi ya mteja mpya ndo inamalizia kazi ya mteja wa zamani, kwa hiyo kazi yako inasubiri mwingine aje alipe. Umeme haukuhusika, fremu zinagongwa kwa nyundo. Na hakufiwa na mtu.

Hiyo ilibadilisha namna ninavyokisoma hichi kisa. Nilikuwa namlaumu fundi kwa uzembe na yule mdada kwa uongo. Sasa ukiangalia mnyororo, mimi naongea na mdada, mdada anaongea na bosi, bosi anaongea na fundi, na kila mkono unaopokezana unapunguza kitu. Pesa 1,330,000 iliingia ikatoka 350,000. Maelezo ya sekunde 48 yaliingia yakatoka maneno manne. Mdada hana mamlaka ya kutoa pesa wala hajawahi kufika Keko, kazi yake ni kumfanya mteja atulie, analipwa kwa komisheni na sababu za umeme na msiba nadhani anapewa au anatunga kwa kuogopa kusema bosi hajatuma pesa. Simtetei, alisikia habari ya mama yangu kwa masikio yake akanipa pole, angeforwadi tu ile voisi ingetosha, ni vidole viwili. Ila mwenye lawama kubwa ni aliepanga duka hivi, akaandika ana kiwanda wakati hana, na akajificha nyuma ya binti wa miaka 20 na kitu awe ndo anatukanwa. Kwa sababu kama ningejua hakuna kiwanda, kipimo ningekipeleka kwa fundi mwenyewe. Kile kineno kimoja cha tangazo ndo kilinifanya niamini kwamba ninaeongea nae na anaeshika msumeno wako jengo moja.

Wengine wataniambia si ungeenda Keko moja kwa moja tangu mwanzo. Ni kweli bei ingekuwa chini. Ila mimi nafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi mchana, dukani nililipia huduma, nililipia mtu wa kusimamia fundi kwa niaba yangu, ile tofauti ya karibu laki 9 na nusu nyingine ilikuwa ndo bei ya usimamizi. Duka kuchukua faida sio dhambi hata kidogo. Tatizo ni kuuza usimamizi usiousimamia.

Nilichofanya baada ya hapo. Sikurudi kugomba. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaweka tarehe zote, siku ya oda, siku ya ahadi, siku ya kupokea, nikaambatanisha skrinshoti za malipo, maandishi ya ile voisi nzima neno kwa neno na jibu la "nimeelewa", picha za tepu. Nikaandika ninachotaka kwa hesabu: kochi la mtu mmoja litengenezwe upya kwa gharama yao ndani ya siku 10, elfu 50 ya usafiri irudi, risiti ya EFD ya pesa yote itolewe. Na nikaandika nisipojibiwa malalamiko yanaenda FCC, yani Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji na tangazo la kiwanda kisichokuwepo ni upotoshaji, na madai ya pesa yanaenda Mahakama ya Mwanzo. Nakala mbili, nikapeleka dukani mkononi, nikamwambia yule mdada, mdogo wangu nisainie tu kwamba umepokea, mpe bosi. Akasaini. Sikumgombeza, aliinamisha kichwa akaniambia dada nilisahau kuituma. Hiyo ndo samahani pekee ya kweli niliyoipata kwenye kisa hichi chote, na ilitoka kwa mtu wa chini kabisa.

Kesho yake saa 4 asubuhi bosi akapiga. Siku zote hizo yuko safarini, barua ilivofika akarudi. Alianza kwa ukali, tukaongea, akashuka. Nadhani neno EFD lilimgusa kuliko FCC. Akakubali kumlipa fundi arekebishe kochi, risiti ikaja siku ya tatu, elfu 50 akasema ataiangalia.

Fundi hakutaka nilipeleke Keko, akasema anakuja mwenyewe. Alifika Jumapili, akavua viatu mlangoni, "shikamoo mama", "marahaba baba, karibu", akaomba ampime. Akapiga magoti pale sakafuni na tepu yake ya chuma, akapima mguu wa mama akiwa kavaa zile zile ndala, akamwomba akae kwenye viti vyake vya plastiki akatazama mikono anaiweka wapi akitaka kunyanyuka. Mambo ambayo hata mimi sikuwa nimeyafikiria, mama anasukumia mkono wa kushoto zaidi kwa sababu goti baya ni la kulia, kwa hiyo ule mkono wa kochi wa kushoto aliuimarisha kwa mbao ya ziada kwa ndani. Akatoa miguu ya inchi 2 akaweka ya inchi 5 na kuifunga kwa boliti kwenye fremu isije ikachomoka, sponji akaweka hevi diuti nene kwa inchi moja zaidi ya ile ya mwanzo, mtu akikaa inazama inchi moja tu. Mgongo akaujaza mbele mpaka kina kikabaki inchi 20. Mikono akaiongeza mpaka mwisho wa kiti, kitambaa hakikulingana rangi vizuri, kuna kiraka cheusi kidogo pembeni, mimi hakinisumbui.

Mama alivojaribu hakusema kitu, alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. Mara nne. Afu akamuuliza fundi, baba umekula?

Makochi mengine mawili nimeyaacha kama yalivo, sponji yake laini haitafika mbali na najua mwaka ujao nitayafungua niyajaze upya, hilo sikulidai kwa sababu kwenye voisi hevi diuti niliitaja pamoja na la mama na bosi alishikilia hapo, na kwa haki ukiisikiliza unaweza kuielewa hivo. Elfu 50 bado haijarudi. Ni wiki ya tano, jana nimeandika tena na tarehe ya mwisho, na nakala ya barua ya kwanza ninayo yenye saini.

Kitanda cha mama kinatengenezwa sasa hivi pale Keko, kwa fundi yule yule. Oda ni karatasi moja ya daftari, kaandika yeye kwa mkono wake mbele yangu na sote tumesaini: kitanda futi 4 kwa 6, mbao ya mkongo iliyokauka, kimo inchi 19 kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro mama akiwa amekaa ukingoni, kichwa cha kushikia upande wa kushoto, advansi nusu, nusu nyingine mchana, nyumbani, mama akishakaa akanyanyuka.